Kitanda cha Upande wa Ziwa

Haya, sogea nikutegee. Nimezikwa, watu wamenililia, jina la mtu nimepewa, na sijawahi kuvuta pumzi hata moja. Mimi ni nani? Umeshindwa, nipe mji. Kisumu? Nimeuchukua, nimezunguka hadi ufukweni nikala samaki ngege mzima. Jibu ni yago, lile tunda refu la mwegea. Kwetu mtu akimezwa na maji asionekane, tunda hilo ndilo hulazwa kaburini mahali pake.

Basi Dorca, mama yake Celestine, alikuwa na mwegea nyuma ya boma, na matunda yakawa yanaanguka yanaoza. Mwanawe Okinyi, ndugu yake Celestine, aliugua akili, akalazwa hospitali fulani ya ufukweni. Ziwa lilipofurika mwaka ule, hospitali ikahamwa. Wakubwa wakasema wagonjwa wote wamehamishwa. Wapi? Kila ofisi ikamtuma kwa ofisi nyingine.

"Nyathina, mwanangu, nichume au nisichume?" Dorca alimwuliza binti yake Celestine kila wakipigiana simu. "Nikichuma naye yuko hai, si nitakuwa nimemzika mtoto wangu mzima?"

Celestine alikuwa mpiga picha za harusi, amepanga mtaa wa Migosi, Kisumu. Mwisho mama akamwambia, "Maneno ya watu nimeyashiba. Niletee picha ya kitanda chake."

Celestine akaenda kwenye hospitali ile. Waswa, mlinzi wa lile gofu, akaiona kamera yake, akamcheka. "Madam, harusi zimeisha mjini hadi unakuja kupiga picha popo?"

"Hata popo wanaoana, mzee. Wodi ya wanaume ni ipi?"

Kicheko kikamkauka. Akanyoosha kidole.

Mlango ulikuwa na kufuli, kutu juu ya kutu. Celestine akaupiga picha. "Kama walihamishwa, mbona hakuna aliyefungua?"

Waswa akatazama viatu vyake. "Mimi niliandikwa kazi baada ya maji, mama."

Celestine akazunguka nyuma. Ukuta wa nyuma haukuwepo. Sakafu ilikuwa imemeguka kama ugali, chini yake maji na magugu. Upande wa mlango vilibaki vitanda vya chuma, kila kimoja na mnyororo wa mguu, umekatwa kwa msumeno. Waokoaji waliokuja na mitumbwi, wakapitia ukuta uliobomoka, waliwawahi wa upande huo. Upande wa ziwa hapakuwa na kitanda wala mnyororo. Na Dorca mwenyewe ndiye aliyewabembeleza wauguzi wamweke mwanawe upande wa ziwa, apate upepo.

Kule nyumbani mama akaishika kamera kwa mikono miwili. "Hiki si chake. Hiki pia si chake. Chake kiko wapi?"

Celestine akamwonyesha picha ya mwisho.

"Hapa umekosea, hii ni maji tu."

Mama akaitazama tena, muda mrefu, hadi kioo kikazima chenyewe.

"Alipenda upepo," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Celestine. Nimekuuliza siku nyingi. Nichume au nisichume?"

"Chuma, mama."