Amplifaya ya Mzee Melkiadi

Kwaya ilipomuaga Mzee Melkiadi ilimpa spika mbili mpya, ndefu kama watoto wanaoanza kutembea, zimefunikwa kitambaa cheusi usoni. Watu walichanga tangu mavuno ya mwaka ule wa tisini na sita. Aliyetumwa Tabora kuzinunua alirudi na treni akiwa amezipakata njia nzima, asithubutu kuziweka sakafuni. Siku ya kuzikabidhi, mwenyekiti wa kwaya, Gideon, alisimama mbele ya waumini akasema kwamba mzee ameimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa, tangu kanisa lilipokuwa la nyasi. Sasa ni zamu yake kupumzika na kuwasikiliza wenzake akiwa nyumbani kwake Makanyagio. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee akapokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Yeye hakuwa ameomba kupumzika.

Alijua sababu, maana hakuna siri kwenye kwaya. Kwa muda mrefu alikuwa akiingia vibaya kwenye nyimbo. Mara aingie mapema, peke yake, sauti nzito ikatambaa kanisani kama mtu aliyekosea mlango. Mara achelewe, wenzake wakawa wamekwisha maliza. Vijana walisema mzee amesahau nyimbo, akili imechoka. Walisema hivyo kwa huruma, na ndiyo maana walimnunulia zawadi kubwa badala ya kumwambia tu akae kwenye mabenchi.

Nyumbani alizifungua akiwa peke yake. Mke wake Romana alikwisha lala Usevya, kwenye makaburi ya kwao, na watoto wote walikuwa mbali kwenye kazi zao. Akazizungusha spika zile huku na huku. Mgongoni kulikuwa na waya mwekundu na waya mweusi, basi. Hapakuwa na pa kuweka kaseti wala betri, wala kitufe cha kuwashia. Mzee alikuwa amefanya useremala parokiani maisha yake yote, hakuwa mtu wa kushindwa kukielewa kitu akikishika. Akaelewa kwamba hizi ni nusu ya kitu, na nusu nyingine imebaki Tabora dukani.

Msiwacheke watu wa kwaya. Redio zote walizozijua zilikuwa sanduku moja, kila kitu humo humo. Walikuwa wamesikia spika kubwa ikinguruma kwenye sherehe, wakadhani inanguruma yenyewe. Sasa nani angewaambia? Mama aliyetoa hela yake ya karanga, aambiwe kwamba amechangia kitu bubu? Jumapili walipomuuliza spika zinaimbaje, mzee akajibu zinaimba vizuri sana. Jumapili iliyofuata akajibu vilevile. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa, lakini alirudi nao nyumbani kila mara, akaketi nao mezani akila ugali wake.

Kisha zamu ikafika. Jumuiya yao ilisali nyumba kwa nyumba kila Alhamisi, na Gideon akatangaza kwamba Alhamisi ijayo ni kwa Mzee Melkiadi, na kwaya nzima itakwenda ili iisikie zawadi yake. Watu wakafurahi. Mzee naye akatabasamu pamoja nao, huku akiwaza. Spika zisipoimba siku ile, watu wote wale wataaibika nyumbani kwake, wakiwa wageni wake.

Akauza gunia la mpunga alilokuwa ameliweka la kumvusha masika. Jumatatu akazifunga spika kwenye baiskeli kwa shuka, redio kaseti yake ya zamani akaining'iniza kwenye usukani, akaikokota baiskeli hadi sokoni kwa fundi Malale.

Malale alikuwa Msukuma kijana, mcheshi, mwenye kibanda kilichojaa nyaya. Mzee akamweleza shida yake kwa sauti ya chini. Malale akasema ni jambo dogo: sauti itatolewa kwenye redio ya mzee kwa waya, ipite kwenye amplifaya ipate nguvu, ndipo iende kwenye spika. Hela aliyokuwa nayo ilitosha amplifaya moja kati ya mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, iliyotoka kwenye baa iliyofungwa. Ya pili ilikuwa ndogo kama kasha la viatu, ina vitufe viwili vya kuzungusha mbele, kimoja cha sauti nzito na kimoja cha sauti nyembamba. Mzee akaitazama ile kubwa. Alitaka nguvu. Aliamini kitu kilichompotea kingerudi kama sauti ingekuwa na nguvu ya kutosha.

"Mzee wangu, hilo ni dume," Malale akasema. "Spika zako ni ndama. Kwetu ukifunga dume na ndama kwenye jembe moja, jioni unachinja ndama."

Mzee akasema ataliongoza taratibu, yeye si mtoto. Malale akacheka, akaanza kuunga nyaya kwenye betri ya gari.

Wakati huo Prisila alikuwa ng'ambo ya njia na samaki wake wakavu wa Karema. Yeye ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kukusanya mchango wa spika. Alipoziona zinafunguliwa kibandani kwa fundi, akamwachia jirani samaki, akavuka. Akaamkia, akauliza kama zimeharibika. Mzee akasema hapana, amezileta zipanguswe vumbi tu.

Malale, ambaye hakujua habari za kwaya, akasema spika hizi hazijaharibika wala hazijawahi kuimba. Zingeimbaje bila amplifaya?

Prisila akainama, akafungua fundo la kanga yake, akalifunga upya, akalifungua tena. Alikuwa akizikumbuka zile Jumapili zote, na lile jibu la zinaimba vizuri sana. Alipoinua uso hakusema pole, hakusema mbona hukutuambia. Alivuta kigoda, akaketi, akamwambia Malale awashe, nao wasikie.

Mzee akatoa kaseti ya kwaya yao, iliyorekodiwa Pasaka. Ile amplifaya kubwa ikawashwa. Sauti ya nne ikatoka na kishindo, vikombe vya fundi vikatetema juu ya meza, wapita njia wawili wakasimama kutazama. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wazee wenzake walikuwa mle, kila mmoja akimjua kwa mtetemo wake.

Prisila hakuwa anazitazama spika. Alikuwa anamtazama mzee. Kwenye wimbo ule sauti ya kwanza huanza peke yake, kina mama wanapanda mstari mzima, ndipo wanaume wanaingia chini yao. Kina mama walianza. Prisila aliisikia sauti yake mwenyewe ikipanda. Uso wa mzee haukubadilika hata kidogo. Alikuwa akingoja, kama mtu aliye stesheni asiyejua kwamba treni imekwisha simama mbele yake. Wanaume walipoingia ndipo akashtuka, midomo yake ikaanza, imechelewa.

Prisila akamwomba fundi ajaribu ile ndogo. Malale akahamisha nyaya. Sasa sauti ilikuwa ya kiasi, imekaa vizuri kwenye zile spika. Prisila akanyoosha mkono, akakishika kitufe cha sauti nyembamba, akakizungusha kidogo kidogo huku macho yake hayabanduki usoni kwa mzee. Akaurudisha wimbo mwanzo. Akazungusha tena. Sauti za kina mama zikawa kali, kisha zikawa kama sindano, Malale akaziba sikio moja akitaka kusema kitu. Prisila akamwonyesha kiganja, anyamaze. Akakifikisha kitufe mwisho kabisa.

Mzee Melkiadi akainua kichwa.

Akawasikia. Kwa mbali, wembamba kama uzi, lakini walikuwapo, wakipanda mstari wao mzima. Mkono wake ukaanza kupiga pigo taratibu kwenye goti. Mstari ulipofika mwisho akavuta pumzi, akaingia na sauti ya nne mahali pake hasa, hakuwahi wala hakuchelewa.

Wimbo ulipokwisha, Prisila akapunguza sauti.

"Tangu lini, baba?"

Mzee akauondoa mkono wake gotini. "Tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nyie mlikuwa mnafungua midomo tu. Nikaanza kukisia."

"Kumbe nyimbo hukuzisahau."

"Hata mmoja."

Prisila akasema maneno mengi sasa, harakaharaka, macho yamemlowa. Atawaambia wote. Watamweka mzee karibu na kina mama, yeye mwenyewe atamgusa kiwiko kila pa kuingilia, mambo yatakuwa kama zamani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akiangalia midomo yake. Akamshukuru. Kisha akamsihi asimwambie mtu.

"Walishaniaga, mwanangu. Vigelegele vilishapigwa. Nikirudi watajiona walinifukuza, na sivyo. Walinipa walichoweza."

Prisila hakupenda, lakini aliahidi. Mzee alipoilipia ile amplifaya ndogo, Prisila akaichukua, akaifunga kwenye kanga yake ya juu ili isigongwe njiani, akaisindikiza baiskeli ya mzee hadi nyumbani kabla ya kurudi kwa samaki wake.

Alhamisi wakaja. Nyumba ikajaa, wengine wakakaa mkekani na wengine mlangoni. Walisali, walisoma, kisha Gideon akasema wakati umefika. Mzee alikuwa amepanga kila kitu tangu mchana, kaseti imo, betri ya gari aliyoiazima kwa fundi imejaa. Akainama kuwasha. Mkono ukasita kwenye kitufe cha sauti nyembamba, kilichokuwa kimezungushwa mwisho. Alimkumbuka Malale alivyoziba sikio. Wageni wake wangesikia makelele, wangedhani zawadi yao ni mbovu.

Akakirudisha katikati.

Prisila aliuona mkono ule. Alikuwa kwenye mkeka, amebanwa na watu pande zote, na alikuwa ameahidi.

Kaseti ikaanza, na watu wakashangilia. Lo, zilikuwa spika nzuri. Kila mmoja aliisikia sauti yake, wakaoneshana vidole, wakataniana ni nani aliyekohoa pale katikati, mama wa karanga akafuta machozi. Mzee alikaa kwenye kiti chake pembeni akitabasamu. Masikioni mwake nyumba ilikuwa na mngurumo wa wazee tu, na juu yake kimya. Aliwatazama kina mama wakiimba pamoja na kaseti, shingo zimenyooka, midomo wazi, wala sauti haitoki. Hakuthubutu kuimba, asije akaingia vibaya mbele yao.

Walipoondoka, Gideon alimpa mkono akasema wamefurahi kumwona ametulia hivi, zawadi imefika kwa mwenyewe. Prisila alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameosha vikombe vyote na kufunika samaki wawili kwa sahani, juu ya meza. Mlangoni akasimama karibu na mzee, akapiga goti kidogo kama binti kwa baba yake, akaenda kuwafuata wenzake.

Jua lilikuwa bado lipo. Mzee akaondoa viti vya wageni, akabakiza kimoja, akakiweka mbele ya spika zote mbili. Akazungusha kitufe mpaka mwisho. Uchochoroni mtu akafunga dirisha lake.

Kina mama wakaja. Wakapanda mstari wao, wembamba, hawajapungua. Mzee akavuta pumzi, akaingia chini yao, sawasawa, akauimba wimbo wote hadi amina bila kukosea hata neno. Kaseti ikaendelea kuzunguka bila kitu, ikivuma kidogo. Akakaa anasubiri wimbo wa pili.