Akicheka, Epua

Tangu tumzike Mama, Baba alikuwa hakanyagi jikoni. Chai yake ya rangi aliinywea sebuleni, kwenye meza yake ya kazi, katikati ya saa za watu alizozifungua migongo. Chakula tulimpelekea hukohuko, na sahani ilirudi karibu kama ilivyokwenda. Mimi nilikuwa narudi kwangu Jumapili. Kabla ya kuondoka nilitaka jambo moja tu: nimwone amekaa jikoni, anakunywa kitu kwa hamu. Na kitu ambacho hakuwahi kukikataa maishani ni maziwa ya karanga ya Mama.

"Tutayapika," akasema mama mdogo, ambaye ni kitinda mimba kwao na hajawahi kukubali kushindwa kabla ya kujaribu. "Karanga ni karanga. Zitatuogopa zenyewe."

Tukaziloweka. Asubuhi tukakaa kwenye vigoda tukizifikicha ndani ya beseni la maji mpaka maganda mekundu yakaelea, tukayamwaga, tukasaga kwa blenda inayonguruma kama pikipiki mbovu, kisha tukachuja kwa kitambaa cheupe. Mama mdogo alikikamua kitambaa kile kama mtu anayedai haki yake. Mpaka hapo tulikuwa mabingwa. Shida ilianza sufuria ilipopanda motoni, maana kuhusu kuiva Mama hakuniachia maelezo yoyote ya maana. Niliwahi kumuuliza anajuaje kwamba yameiva, akanijibu huku anajifunga kitambaa kichwani: "Akicheka, naepua."

Sikushangaa kwamba hakusema "yakicheka." Mama alizungumzia vyombo kama watu. Friji letu lilikuwa "huyu bibi," na pasi ikiunguza shati alisema, "Leo amenichokoza." Na maziwa yale aliyapika alfajiri, sisi watoto tumelala. Tulichoamkia ni vikombe tu.

"Kucheka ni mapovu," nikamwambia mama mdogo. "Yakitoa mapovu pembeni, tunaepua."

Tukaepua. Akaonja, akakunja uso.

"Haya hayajacheka, mwanangu. Haya yamenuna. Yananuka ubichi!" Akairudisha sufuria motoni. "Kucheka ni kufura. Hujaona mtu akicheka anavyofura mashavu?"

Yakafura kweli. Yakafura, yakapanda, yakamwagikia jiko zima, moto ukazimika. Tukabaki na robo ya sufuria na harufu ya kuungua nyumba nzima.

"Shemeji!" mama mdogo akaita kuelekea sebuleni. "Hebu tusaidie! Mkeo aliposema 'akicheka, naepua,' alikuwa na maana gani? Maziwa yanachekaje?"

Tukasikia kiti kikisukumwa. Baba akaja, akasimama mlangoni, ile lenzi yake ya kutengenezea saa bado ameibana jichoni.

"Si maziwa," akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nacheka. Alikuwa ananionjesha kwa mwiko. Yakiwa mabichi, nakunja uso. Yakiiva... sasa mtu ufanyeje? Unacheka tu. Alikuwa anasema mdomo wangu haujui kudanganya."

Miaka yote ile nilikuwa nimemtafuta huyo mchekaji ndani ya sufuria, kumbe alikuwa amevaa nguo za kulalia, amesimama nyuma ya Mama.

"Basi ingia ucheke," mama mdogo akasema. "Gesi yenyewe inaisha."

Baba akaitazama sakafu ya jikoni kama mtu anayepima kina cha maji. Kisha akaingia. Nikamsogezea kiti, nikawasha moto upya, nikamimina kwenye sufuria safi maziwa ambayo hayajapikwa, tuliyokuwa tumeyabakiza kwenye bakuli. Nikachota kidogo kwa mwiko, nikapuliza, nikamwonjesha.

"Mabichi."

Nikakoroga. Akaonja tena. "Bado kidogo."

Mara iliyofuata alionja, na hakukunja uso wala hakucheka. Alibaki ameushika mwiko, akiutazama, macho yamejaa. Akanirudishia mwiko, nami nikaendelea kukoroga, kwa sababu hakuna aliyecheka na amri ni amri. Maziwa yakazidi kuwa mazito, yakaanza kutoa sauti ya pwa, pwa.

"Shemeji," mama mdogo akasema kwa upole, "nakuheshimu sana, na kulia ulie utakavyo. Lakini haya yaliiva zamani. Sasa hivi tunapika gundi."

Baba akachungulia. Nikainua mwiko, na maziwa yote yakataka kuja nao. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na pengine kweli alikuwa analia, ila sauti iliyotoka ilikuwa kicheko. Alicheka mpaka lenzi ikamponyoka jichoni, ikatumbukia sufuriani.

"Epua! Epua, we mtoto!"

Tukaiopoa lenzi, tukala maziwa kwa vijiko, sote watatu, magoti yakigongana chini ya meza ile ndogo. Baba alikwangua bakuli lake, kisha akaanza kulivuta la mama mdogo. Akapigwa kofi mkononi.

"Hilo langu! Loweka zako."

"Ziko wapi?" Baba akauliza.

Nikamwonyesha mfuko. Akainuka, akavuta beseni, akaanza kuchota karanga kwa viganja viwili, akaniuliza kama hizo zitatutosha.

Nikamwambia aongeze.