Liki za Marehemu Edna

Liki za Wilf Raine, zile mboga za ukoo wa kitunguu, zilikuwa zimempita kimo, mashina yamekakamaa, vichwani maua yamejaa nyuki. Huku kwetu Durham, Uingereza, liki iliyofika hapo haitiwi chunguni tena, imeishia mbegu. Msemo huo tuliutoa bustanini tukawabandika watu: mlevi asiyenyoa ndevu kaishia mbegu, klabu inayovuja paa imeishia mbegu. Tangu Edna azikwe, tuliusema kwa Wilf mumewe pia. Kwa huruma, lakini tuliusema.

Kamati ya bustani yetu ya vitalu vya kukodi ingekagua Jumatatu, na kitalu kilichotelekezwa hupewa mwingine. Jumapili, Wilf akiwa makaburini, jirani yake Norman Coxon aliona amsitiri mwenzake: aling'oa magugu na liki zote, akazichoma moto.

Wilf alirudi moshi ukingali unafuka.

"Umefanya nini, Norman?"

"Nimekusafishia, bwana. Kesho wangekutoa mbio!"

"Zile ni za Edna! Mbegu ya ukoo wao. Nilizingoja zikauke. Sina nyingine."

Norman akanywea. Mbegu ya liki huku haigawiwi ovyo. Hata mkwe hunyimwa, na maonyesho ya kushindania liki nene yakikaribia wanaume wazima hulala bustanini kulinda zao. Wilf aliketi juu ya ndoo akalia waziwazi, na iliniuma kumtazama.

Norman alikwenda kitaluni kwake. Maonyesho yalikuwa yamekaribia, na liki zake zilinenepa kuliko za mtu yeyote. Akazichimbua tatu zilizo bora, na udongo wake, akaja nazo amezipakata.

"Zako sitaki," Wilf alisema.

"Si zangu. Edna alinipa mbegu mwaka ule mke wangu aliponikimbia. Akaniapisha nisikwambie."

"Kumbe kikombe cha mwaka jana..."

"Nilikushinda kwa liki zenu. Nitukane tu."

Wilf alifungua kinywa amtukane kweli, kikamtoka kicheko. "Mwanamke yule! Miaka yote hiyo nalala bustanini kama mbwa, kumbe mwizi namwacha nyumbani!"

Walichukua masepeto, wakaanza kuzipanda ziishie mbegu.

"Taratibu," Wilf alifoka. "Unachimba kama unazika farasi."

"Hata Edna aliniambia hivyohivyo."

Sepeto la Wilf likasimama. Alimtazama Norman kwa macho yenye uhai ambao hatukuwa tumeuona tangu mazishi.

"Alikwambia nini kingine?"