Chupa ya Mpimaji

"Na yule msichana wa kitabuni ni wewe?" aliniuliza mwanafunzi wa mstari wa mbele, kalamu mdomoni.

Maktaba ya shule ilikuwa imefurika. Mama, waliyempa kiti cha mwalimu mkuu, alinitazama kwa fahari mpaka nikaona haya. Katika riwaya yangu msichana anachota maji machafu mtoni, maabara inagundua sumu, kiwanda cha ngozi kinafungwa, familia inashangilia. Watoto wanaipenda sana sehemu hiyo. Mimi ndiyo hiyo inayonikosesha raha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mto wetu uligeuka rangi ya kutu, na miguu ya mdogo wangu ikajaa vidonda visivyopona. Mama alibisha hodi kila ofisi, wakamzungusha weee, mpaka mpimaji wa maji akakubali kutuachia chupa. Siku hiyo mama alikuwa na zamu ya kufua mashuka hospitalini.

"Chota pale bomba la kiwanda linapomwaga," akaniagiza. "Mpimaji ataipitia saa nane mchana. Usiniangushe, mwanangu."

Nikachota. Lo, maji yale! Yananuka, yana povu, manyoya yanaelea juu. Na kwetu mgeni hakupewa maji ya mto hivi hivi. Yalitiwa shabu ya kuzamisha uchafu, yakaachwa yatulie, yakachujwa kwa kitambaa cheupe. Nikawaza: mtu mzima yule, shati limepigwa pasi, nimkabidhi uchafu huu? Si atasema hatukufunzwa adabu? Basi nikatia shabu mara mbili, nikangoja, nikachuja mara tatu. Hata chupa nikaifuta kwa nje. Mpimaji aliponiambia ahsante, nikavimba kichwa.

Karatasi ya majibu ikarudi: maji ni salama. Kiwanda kikaibandika langoni. Mama akaisoma, akakaa chini pale pale barabarani.

"Wamemhonga yule mpimaji," akasema. "Shati safi, roho chafu."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Ningesema siku ile, chupa nyingine ingejazwa kesho yake. Sikusema. Niliogopa kofi, ndiyo, ila zaidi niliyaogopa yale macho yake yaliyoniamini. Mdogo wangu anachechemea hadi leo, naye akinitambulisha kwa watu husema, "Huyu ndiye mwandishi wetu."

"Eti, ni wewe?" mwanafunzi akarudia.

Ningeweza kuitikia. Shule tatu kabla ya hiyo nilishaitikia bila kupepesa.

"Hapana," nikasema. "Mimi niliyachuja."

Nikaeleza yote, shabu, kitambaa, karatasi ya langoni, macho yangu yakiwa kwenye vidole vya miguu. Aibu ilinichoma masikio. Mtoto mmoja alicheka, mwenzake akampiga kiwiko.

Nilipoinua uso, mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Yule mpimaji," alisema polepole, "alihamia mtaani kwetu wewe ukiwa chuo. Akaishi pale mpaka alipofariki."

"Mama, nisamehe."

Sidhani kama alinisikia.

"Kila asubuhi alinikuta nafagia. 'Umeamkaje, dada?' Miaka tisa." Akatikisa kichwa. "Sikumwitikia hata mara moja."