Gershom Alitangulia Kisumu

Habari ya kazi ilifika Susan akiwa mlangoni pake, Garsen, anachagua mchele. Binti yake Hope aliusoma ujumbe kwenye simu mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti na mara ya pili kimya.

"Mama, ni Kisumu. Maabara ya hospitali. Wananitaka tarehe tatu."

"Kisumu," Susan akasema, na mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Jina hilo lilikuwa limelala nyumbani mwao miaka mingi. Mumewe, Gershom, mkulima wa Kilelengwani aliyezaliwa na kukulia ukingoni mwa mto Tana, alikuwa na neno moja alilolirudia kila mto ulipofurika: "Siku moja nitakwenda Kisumu, nikaone maji makubwa yasiyokwenda popote. Haya ya kwetu yamenichosha kwa kupita." Hakwenda. Aprili ya mwaka 2018 mto ulivunja kingo, naye akapanda mtumbwi kwenda kuokoa mpunga. Mtumbwi ulionekana siku ya tatu, umenasa kwenye matete huko chini karibu na Kipini. Yeye hakuonekana. Walizika shati lake la kanisani pamoja na jembe, mchungaji akasoma, na Susan akahamia Garsen, mbali kidogo na sauti ya maji.

"Utanisindikiza," Hope alisema. "Ukae siku tatu, uone ninapolala, ndipo urudi."

Susan alikuwa hajawahi kuvuka Mombasa. Mji asioujua mtu humtia hofu kabla hajaufikia, na Hope alilijua hilo. Kesho yake mchana, wateja wa wali anaouuza Susan walipopungua, alivuta kigoda akaketi karibu na mamake na kumwonyesha simu.

"Tutautembea kwanza tukiwa hapa hapa. Kuna gari lilipita kila barabara likiwa na kamera juu. Ukisukuma kidole hivi, unasonga mbele. Tazama, hapa ndipo basi litatushusha."

Susan akacheka. Kweli, walikuwa wakitembea. Waliyapita maduka ya simu, kinyozi, mwanamke aliyebeba kuku wawili. Watu wote walikuwa na ukungu usoni. Hope alisema wenye picha huzifuta nyuso ili mtu asitambulike. Susan alianza kuifurahia safari. Aliuliza soko liko wapi, wapi kuna choo, wapi mtu akipotea ataulizia njia, na Hope akawa anaandika kwenye daftari.

Kwenye kona ya tatu kulikuwa na mwavuli wa buluu, na chini yake muuza njugu ameinua mkono kulipungia gari. Kando yake alisimama mwanamume mmoja, ameupa mgongo barabara.

"Rudi," Susan alisema. "Rudi nyuma kidogo."

Mkono wa kushoto wa mtu yule ulikuwa umekunjika kwenye kiwiko, na wa kulia umeushika nyuma ya mgongo, kama anayemficha mtoto peremende. Gershom alikamatwa na mamba alipokuwa kijana. Mkono ule haukunyooka tena, na kila aliposimama bila kazi aliushika vile vile.

Hope alisukuma kidole. Katika picha iliyofuata yule mtu alikuwa amegeuka ubavu. Akasukuma tena. Sasa alikuwa amewaelekea, uso wake ukungu mtupu, na suruali imelowa mpaka magotini. Muuza njugu alikuwa mkavu. Barabara ilikuwa kavu. Jua lilikuwa kali.

"Picha ni ya lini?"

Hope alitafuta tarehe pembeni. "Septemba 2022." Kisha akasema haraka, "Mama, watu wenye mkono mbovu ni wengi."

"Ni wengi," Susan akakubali. "Twende ziwani."

Wakaenda Dunga, mahali wavuvi wanapoegesha mashua zao. Alikuwepo. Alisimama ukingoni, mkono nyuma, akiyatazama maji. Hope akatoka nje ya mji, kilomita nyingi, mpaka lile jiwe kubwa wanaloliita Kit Mikayi, linalopandwa na wageni. Barabara ilikuwa tupu, isipokuwa mtu mmoja kando ya kibao, amelowa magotini. Ile picha ilikuwa ya Juni 2018, miezi miwili tu baada ya mafuriko.

Hope ndiye aliyeizima simu.

Alasiri alikuja Kaltuma, jirani yao wa Kiorma, na kibuyu chake cha maziwa. Alimfahamu Gershom tangu enzi za kunywesha ng'ombe Kilelengwani, na wawili hao waligombania njia za kwenda mtoni mpaka wakaishia kuwa marafiki. Susan hakumweleza lolote. Alimwomba Hope aifungue ile kona, akamwekea Kaltuma simu mkononi.

"Mama Adan, unamwona nani hapo?"

Kaltuma aliisogeza simu mbali kidogo na macho, kisha karibu. Akaishusha mapajani taratibu, kama chombo kilichojaa.

"La ilaha illallah. Mama Hope, huyu si mzee wako?"

"Ndiye?"

"Uso siuoni. Lakini kusimama kule ni kwake." Kisha akauliza, "Na bado mnakwenda?"

"Mtoto amepata kazi."

"Basi nendeni. Lakini msimwite kwa jina kabla hajawajibu salamu. Sisi kwetu tunaogopa hivyo."

Siku zilizobaki Susan hakulala vizuri. Hakuwa akiogopa kwamba Gershom amekufa. Hilo alikwisha kulilia. Kilichomsumbua ni kule kumwona mahali tofauti kila mara. Alilifungua daftari, akayasoma majina kama Hope alivyoyaandika: kona, Dunga, jiwe. Ndipo akaelewa. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu aliyefika mji kwa mara ya kwanza. Anasimama kwenye kona, anakwenda kutazama maji, anapelekwa kuona jiwe. Gershom alikuwa akitembea. Aliondoka mtoni akaenda alikotaka kwenda, wala hakumuaga mtu.

Kukawa na uchungu humo pia, tena uchungu wa mke.

Waliondoka kwa basi mpaka Mombasa, wakabadilisha, na kesho yake saa nne wakashuka Kisumu, miguu imevimba. Susan alishangaa kwamba hapotei katika mji huu. Kila duka alilijua. Kinyozi alikuwa palepale. Hope alitaka waende moja kwa moja kwenye chumba alichopanga, lakini miguu ya mamake ilikwisha kuchukua njia yake.

Mwavuli wa buluu ulikuwa umepauka ukawa kijivu. Muuza njugu alikuwa mama mnene, mchangamfu. Walinunua kidogo, wakasalimiana, kisha Hope akamwonyesha ile picha.

"Uuu! Ni mimi!" mama yule alicheka. "Nakumbuka ile gari. Ilikuwa na kitu juu kama mpira. Nilipunga mkono, wenzangu wakanicheka wiki nzima." Kisha kicheko kikapungua. "Lakini huyu ni nani?"

"Hukumjua? Alisimama karibu nawe kabisa."

"Mimi nilikuwa peke yangu. Hapa hakuna mtu anasimama, wateja wanakuja upande huu." Aliitazama picha tena, halafu akatazama chini, kando ya kigoda chake. "Hapa?"

"Hapo."

Mama yule alihamisha kigoda upande wa pili kabla ya kujibu. "Hapo asubuhi kuna maji. Kila siku nikija nakuta maji, hata kiangazi. Kaunti wamechimba, wakasema hakuna bomba linapita. Ikifika saa tatu yamekauka. Mimi nafagia tu."

"Ni maji gani?" Hope akauliza.

"Machafu. Yako na tope. Yanafanana na ya mto."

Susan alishikwa na baridi mgongoni, katika jua lile.

Asubuhi iliyofuata waliwahi, maduka bado yamefungwa, wafagiaji wako kazini. Maji yalikuwepo. Hayakuwa mengi, upana wa mkeka wa mtu mmoja, rangi ya chai ya maziwa. Hayakutiririka. Susan alivua viatu akaingiza miguu. Yalikuwa vuguvugu, na tope liliteleza kati ya vidole vyake jinsi linavyoteleza shambani baada ya mafuriko kushuka. Harufu ikampanda puani, matete na majani ya miembe yaliyooza.

Akasalimu kwa Kipokomo, lugha ya nyumbani kwao, kama mke anavyomsalimu mume aliyerudi safari. Jina hakulitaja. Akangoja.

Yale maji yalitetemeka, mara moja, kana kwamba mtu mwingine ameingiza mguu ndani yake. Hope alirudi nyuma hatua mbili.

"Hukuniaga," Susan akasema kwa sauti ndogo. "Miaka saba naangalia mto. Ungeniaga." Machozi yalimtoka akayaacha. "Haya, umeyaona maji yako. Sasa mtoto amekuja kufanya kazi hapa, mimi narudi. Mtazame. Usimtishe."

Kisha akavaa viatu miguu ikiwa na tope, akaondoka bila kugeuka. Nyuma yake Hope alichuchumaa, akayateka yale maji kidogo kwenye chupa ya soda, akaifunga na kuitia mkobani.

Siku ya tatu Susan alipanda basi la kurudi. Kaltuma alimpokea na maziwa, akataka kusikia yote, na alipoyasikia aliuliza tu, "Alijibu?"

"Maji yalitetemeka."

"Basi amejibu," Kaltuma akasema, na hawakulizungumza tena.

Wiki mbili baadaye Hope alipiga simu wakati wa mapumziko ya mchana. Alizungumza juu ya kazi, juu ya samaki, juu ya mwenye nyumba anayependa muziki. Halafu sauti ikashuka.

"Mama, yale maji niliyapima."

"Ukaona nini?"

"Si ya bomba, hayana dawa ya kuyasafisha. Si ya ziwa pia, nimeyalinganisha. Ni ya mto."

"Mto upi?"

Susan alisikia milango ikifunguliwa na kufungwa, na mtu akiita jina la mgonjwa.

"Kuna jingine," Hope akasema. "Muuza njugu anasema pale kwake pamekauka tangu juzi. Na leo asubuhi nimefungua mlango wa chumba changu nikakuta maji."

Susan alikaza simu sikioni. "Nje ya mlango au ndani?"

"Nje. Kwenye kizingiti."

Mamake aliliangalia sufuria la wali likitoa mvuke.

"Basi usiyafagie," akasema. "Yaruke. Yatakauka yenyewe."