Kiti cha Bibi Hemnalini

Mridula Sutradhar alikuwa anapiga msasa kiti cha mwisho, karakanani kwake Kolkata, alipoona Bibi Hemnalini amekikalia. Bibi alikuwa amekufa tangu msimu wa mvua. Mridula akamwomba asogeze sari kidogo, apate kumalizia mguu wa mbele.

Mbao zilitoka kwenye milango ya nyumba ya bibi huyo, iliyovunjwa na tajiri Samaddar ili apandishe ghorofa. Mridula, mchonga sanamu aliyegeukia samani apate kula, alipewa kazi ya viti vya ukumbini. Karakana yake nayo ilikuwa kwenye kiwanja cha Samaddar. Kazi ikiharibika, naye anavunjiwa.

Samaddar akaja kukagua.

"Mwondoe huyu."

"Nimembembeleza weee, bwana. Hataki."

"Kwani sikualikwa?" bibi alisema. "Siku uliyonitoa nilikuaga, naja. Ukanijibu, njoo."

Ni kweli. Kwa Wabengali anayeondoka hasemi naenda, maana huko ni kujitabiria kifo; husema naja, na anayebaki humjibu njoo. Tingatinga lilikuwa linanguruma nyuma ya Samaddar siku ile, lakini adabu ilimtoka mdomoni yenyewe.

"Ijumaa nisimkute," akamwambia Mridula. "Nikimkuta, utanitambua."

Mridula akashika randa, akaiweka, akaishika tena. Aliogopa, na aliona haya kwa kuogopa kwake.

"Unataka kunichonga, mwanangu?" bibi alimuuliza.

"Nataka kubaki na karakana, mama mdogo," alimjibu, akimwita kwa heshima kama wanawake wazee wanavyoitwa huko.

Mwishowe alikipaka kiti vanishi, akikwepa upindo wa sari.

Ijumaa wageni walijaa ukumbini. Samaddar alipomwona bibi kitini uso ulimbadilika. Lakini watu walikuwa wanatazama. Tajiri akainama, akamgusa bibi miguu, kisha akagusa paji la uso wake mwenyewe. Wageni wakamsifu: nani siku hizi bado anaheshimu wakubwa hivi? Vyumba vyote vya ghorofa lile vikapata wanunuzi siku hiyohiyo, na Mridula akaachiwa karakana yake.

"Na chumba changu mimi ni kipi?" bibi aliuliza.

"Vimekwisha, mama mdogo," Samaddar alimjibu kwa upole, akaagiza aletewe chai nyingine.