Karatasi za Mfukoni

Dobi alikuwa akipekua mifuko, kama kila asubuhi. Kazi ilimfundisha kuwa kalamu moja ikivuja, beseni zima limekwenda na maji. Vitambulisho, hela, barua za mapenzi, vyote huvitia kwenye kopo na kuvirudisha bila kuvisoma. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo, na zamani naye alijisifu.

Mwezi uliopita alikuta karatasi kwenye suruali ya mdogo wake. Akamrudishia. Kesho yake kijana akajilipua kituo cha mabasi, akaua watu sita. Karatasi ile ile ilikutwa kitandani kwake: "Dada, nisamehe."

"Ungeisoma," mpelelezi alimwambia.

Angeisoma. Kila akikumbuka wale sita, moyo humuuma upya, maana nao walikuwa na dada zao.

Mdogo wake alikuwa fundi baiskeli, mcheshi kupindukia. Alizolewa kwenye msako wa polisi, akawekwa ndani siku kumi na tisa bila shtaka, akarudi sikio moja halisikii. Alipokwenda kulalamika, polisi kituoni walimtaka alete barua ya daktari. Daktari akataka barua ya kituo. Wakajitokeza watu wapole, wakamsikiliza jioni baada ya jioni, wakamjaza sumu. Dada mtu alikuwa na nguo za kupiga pasi.

"Mama, gwanda langu saa nane, usiniangushe," konstebo alisema asubuhi hiyo, akaliacha mlangoni.

"Haya, afande."

Mfukoni mlikuwa na karatasi. Mkono ulishafika kwenye kopo aliposita. Akaikunjua. Msako, kesho. Majina kumi na manne, yote ya vijana wa mtaa huu. Huenda hata ile iliyokuwa na jina la mdogo wake ilipita mikononi mwake, akairudisha vivyo hivyo.

Akaifuata nyumba ya kwanza, kwa muuza mkaa.

"Mwenzangu, kesho wanakuja kumchukua mwanao. Nenda naye kituoni. Wakikufukuza, kaa pale pale mlangoni."

"Kwani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Wangu naye alikuwa hajafanya kitu. Na akirudi, acha kila kitu umsikilize. Mifuko yake ipekue. Ukikuta karatasi, isome."

Muuza mkaa alianza kulia. Dobi hakukaa kumbembeleza. Zilibaki nyumba kumi na tatu, na gwanda la konstebo lilikuwa bado halijaingia majini.